USHANGA: SHAHIDI MDOGO WA MAMBO MAKUBWA

Litajwapo neno ushanga, wengi hukumbuka pambo la shingoni au kiunoni. Ni wachache wafikirio kwamba kitu hicho kidogo kina nafasi ya heshima katika maabara, hospitalini, na katika mashimo ya wachimbuaji wa mambo ya kale. Ni nini kinachoupa ushanga thamani hiyo? Jibu lina sehemu mbili: habari zilizomo ndani yake, na kazi inayoweza kufanyika juu ya uso wake.

Tuanze na ya ndani. Mbao huoza na chuma huliwa na kutu, lakini ushanga wa jiwe, kioo au ganda waweza kudumu ardhini kwa karne nyingi. Mwaka 2021 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza shanga zaidi ya 1,500 za maganda ya mayai ya mbuni, kutoka mahali 31 mashariki na kusini mwa Afrika. Walipima kipenyo cha ushanga, upana wa tundu lake na unene wa ganda. Ikaonekana kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, watu wa pande hizo mbili, waliotengana kwa kilometa zaidi ya 3,000, walitengeneza shanga za namna moja. Kisha mfanano huo ukakatika. Vipimo vitatu tu vikafichua uhusiano wa watu ambao hawakuacha maandishi.

Ushanga wa kioo una habari zaidi. Kioo hutokana na mchanga ulioyeyushwa. Kwa kuwa mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi za sentigredi, mafundi wa kale waliuchanganya na magadi au majivu ya mimea ili uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Kila nchi ilikuwa na mchanga wake na kanuni yake ya kuchanganya, na alama za kanuni hiyo hubaki ndani ya kioo. Siku hizi mwali wa leza hung'oa chembe ndogo mno ya kioo, bila kuacha kovu lionekanalo kwa macho, na mashine hutambua elementi zilizomo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba shanga zote za kioo za kale barani Afrika, kusini mwa Sahara, zilifanywa kwa kioo cha ng'ambo. Lakini uchimbuaji uliofanyika mwaka 2011 na 2012 mahali paitwapo Igbo Olokun, katika mji wa Ile-Ife, Naijeria, ulitoa shanga zaidi ya 12,000 pamoja na vipande vya vyungu vya kuyeyushia kioo. Kioo chake kina chokaa na alumini kwa wingi, tofauti na kile cha Ulaya na cha nchi za Kiislamu za wakati huo. Basi mafundi wa Ife walijitengenezea kioo chao wenyewe, na dhana ya zamani ikaanguka.

Sasa tutazame uso wa ushanga. Chukua tufe lenye kipenyo cha sentimeta 1. Eneo la uso wake ni sentimeta za mraba 3.14. Maada hiyo hiyo ikigawanywa kuwa shanga zenye kipenyo cha mikrometa 1, yaani sehemu ya elfu ya milimeta, zitapatikana shanga trilioni 1, na jumla ya nyuso zake itakuwa meta za mraba 3.14. Eneo limeongezeka mara 10,000!

Siri hiyo ndiyo itumiwayo na madaktari. Mwaka 1976, mkemia John Ugelstad wa Trondheim, Norwei, alifaulu kutengeneza shanga za plastiki, ndogo mno na zenye ukubwa uliolingana. Hazina tundu, huitwa shanga kwa umbo lake tu. Baadaye zilitiwa oksidi ya chuma ili zivutwe na sumaku. Shanga hizo zikipakwa kingamwili zinazonasa aina moja tu ya seli, kisha zikachanganywa na damu, seli zinazotafutwa hushikamana nazo. Sumaku ikiwekwa ubavuni mwa chupa, shanga huvutwa pamoja na mateka wake, na vingine humwagwa. Kwa njia ya namna hiyo maabara nyingi zilitenga vinasaba vya virusi katika vipimo vya UVIKO-19.

Kuna tofauti moja ambayo kila mwanafunzi hana budi kuikumbuka. Ushanga wa maabara ukipotea, waweza kutengenezwa mwingine. Ushanga wa kale hauna badala yake. Aidha, ushahidi wake haumo katika kioo peke yake, bali pia katika tabaka la udongo ulimolala na vitu vilivyolala karibu nao. Atakayeuokota magofuni kama yale ya Kilwa, akautia mfukoni, atakuwa amebaki na pambo na kuipoteza historia. Auonaye na auache ulipo, kisha awaarifu wahusika wa mambo ya kale. Hapo shahidi huyu mdogo ataweza kusema.