Mitungi 32 Kwa Ukuta

Ukiingia ile lane yetu ya Umoja Innercore, pita vibanda vya mutura halafu inua macho. Utacheki mitungi ya yellow imepanda ukuta kutoka chini mpaka floor ya nne, imejipanga laini kaa watu kwa foleni. Hakuna sura ya staa, hakuna mwanasiasa. Ni mitungi 32, kila moja na alama yake: hii nyota ya kyuteksi nyekundu, ile herufi K, ingine kamba ya bluu imefungwa kwa mkono.

Msee wa Eastlando haitaji kuelezewa. Maji ikikam, hata kaa ni saa tisa usiku, kila hao hushuka na mtungi yake. Zote zilikuwa za mafuta ya kupika, zote rangi moja, na usipoweka alama yako utabebewa. Hizo alama ndizo msanii alinakili kwa ukuta, hao kwa hao.

Kabla ya hapo, hio ukuta ilikuwa imevaa rangi ya kampuni. Angalia duka, kinyozi, ploti ya kona: kampuni hukam na rangi ya bure, lando anakubali juu hatoi hata ndururu, na mtaa inavalishwa jezi ya watu wenye hawaishi hapa. Hio kitu iliniuma toka nikiwa mtoi. Beshte akiniuliza nadunda wapi, nilikuwa nataja rangi ya ukuta na jina la bidhaa. Anwani ya kwetu ilikuwa tangazo.

Na Nairobi hubonga na kuta toka kitambo. Wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, msanii Solo7 alitembea Kibera akiandika maneno ya amani kwa mabati na kuta. 2012, wasanii wa grafiti walichora wanasiasa wakiwa tai wala mizoga, katikati ya tao. Mathree nazo zilikuwa zinasumbuliwa na makarao juu ya michoro, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akasema 2014 wasanii waachwe wafanye kazi. Lakini kuta mob kali zenye nimeona zimelipiwa na shirika ama kampuni, na mwenye kutoa ganji ndiye huchagua picha. Sisi tulitaka kuchagua wenyewe.

Tulianzia kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, yenye kazi yake ilikuwa kutangaza maji na stima. Tukaelewana soo tatu kwa kila hao, kila mwezi, miezi nne. Hao 29 zilichanga mpaka mwisho: 34,800. Lando alikubali kwa sharti moja, kusiwe na siasa. Msanii ni kijana wa base yetu, anapiga grafiti kwa garage ya mathree, na alikataa kulipwa zaidi ya fare na lunch.

Mkwanja ya kwanza haikununua rangi. Ilitengeneza gata. Maji ya mvua ilikuwa inateremka na ukuta miaka yote, na ukipaka rangi juu ya unyevu, mvua ndefu zikipita inabanduka kaa ngozi ya ndizi. Fundi akaziba, tukakwangua ile rangi ya kampuni kwa wikendi mbili, watoi wakibeba vumbi na karai, halafu tukapiga andakoti. Juu spray ni ghali, sehemu kubwa ilipigwa na rola na rangi ya ndoo, spray ikabakia ya mistari na vivuli. Siku ya kwanza kwa skafo msanii alichora michirizi ovyo ovyo ukuta mzima, na wamathe wakaanza kuuliza pesa yao imeenda wapi. Kumbe alikuwa anaweka alama za kupimia. Alipiga ukuta picha na simu, akalaza skechi juu ya picha, na kila mchirizi ikamwonyesha penye mtungi gani inafaa kukaa.

Noma ilikuwa imeanza kabla ya skafo, juu ya zile hao tatu zenye hazikuchanga mpaka mwisho. Wasee wengine walisema waziwazi: hujachanga, hauchorwi, mitungi ziwe 29. Mkutano ilifanyiwa kwa ngazi na ikawaka. Moja ya hizo hao, baba alikuwa amefutwa job. Zile zingine hatukuwa tumewahi uliza. Shosho wa namba 14, mwenye alikuwa wa kwanza kutuma pesa yake, alisikiza mpaka kukatulia, halafu akauliza: “Na hawa watu watatu, wanangu, wanateka maji mfereji gani?”

Hakuna mtu alijibu. Zikachorwa 32. Mi naona hapo ndipo ukuta ilikuwa yetu, kabla hata skafo isimame.

Watu wa kupanga huhama. Mwezi uliopita hao ya namba 21 ilihama, ile ya herufi K, na akaingia mathe mmoja na kasichana ka miaka kaa saba. Ile siku ya kwanza ya maji, kasichana kalisimama lane na mtungi mpya, hauna alama, kakihesabu ukuta na kidole. Kakauliza mtungi yao ni gani. Jioni msanii alikam na ngazi na brashi ndogo, akamuuliza anataka nini.

Alisema samaki. Jamaa akachora samaki kando ya ile K, na K akaiacha penye iko.