Maji Yatoke Kwanza: Namna ya Kusoma Kitabu cha Mapishi ya Kihindi

Anayenunua kitabu cha mapishi ya Kihindi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukifungua na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya viungo. Huangalia vilivyomo kabatini na vilivyokosekana, hutoka kwenda kutafuta iliki, mdalasini, giligilani, uwatu na bizari nyembamba, na akivipata vyote huona nusu ya kazi imekwisha. Saa moja baadaye sufuria ina mchuzi ambao maji yamekaa juu na masala chini, vitunguu vinaonekana vipande vipande, na manjano bado inanuka ubichi. Lawama humwendea muuza viungo, au mwandishi wa kitabu, au ile dhana kwamba Wahindi wana siri wasiyoiandika. Naamini kosa liko kwingine. Orodha ya viungo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kitabu cha namna hii. Kinachoamua ladha ni mfuatano wa vitendo, na hasa jambo moja ambalo vitabu vingi hulipitia kwa maneno machache mno: ni wakati gani maji yawe yameshatoka sufuriani, na ni wakati gani yaruhusiwe kurudi.

Tuanze na kitunguu, kwa kuwa michuzi mingi ya kaskazini mwa India, na karibu yote ya mikahawa inayojulikana duniani, imejengwa juu yake. Karibu asilimia 90 ya uzito wa kitunguu ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo, joto la kitunguu halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi hata moto uwe mkali vipi, kwa sababu nguvu ya moto inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya kahawia na ule utamu wenye harufu nzito huja kwa kasi pale sukari na protini za kitunguu zinapofika kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo anayetia kitunguu kwenye mafuta ana kazi mbili zinazofuatana: kwanza anakichemsha kwa maji yake chenyewe, kisha ndipo anakikaanga. Kazi ya kwanza ni ndefu na haionyeshi mengi. Kitunguu kinalegea, kinang'aa, mvuke unapanda. Ya pili ni fupi na ya hatari, maana rangi ikishaanza kugeuka, dakika chache zinatosha kukitoa kwenye dhahabu na kukifikisha kwenye uchungu wa kuungua. Sasa tazama vitabu vinavyoagiza vitunguu viwili vikubwa vikaangwe dakika tano mpaka viwe kahawia. Kwa moto wa kiasi haiwezekani. Dakika 20 ziko karibu zaidi na ukweli, na vitunguu vikiwa vingi, nusu saa. Anayeifuata saa ya kitabu hutia nyanya wakati kitunguu bado kimejaa maji; nyanya nayo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kuanzia hapo sufuria nzima inarudi kwenye nyuzi 100. Rangi haiji tena. Mpishi wa pilau wa Mombasa au Unguja hahitaji kushawishiwa katika hili, kwani anajua weusiweusi wa wali wake unatoka kwenye kitunguu, na kwamba ukikosekana pale hakuna kiungo cha baadaye kitakachoufidia. Inasikitisha kumwona mtu mwenye ujuzi huo akiuweka kando kwa sababu tu ameona dakika zimechapwa kitabuni.

Hatua inayofuata ndiyo inayowakwaza wengi. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa huingia baada ya kitunguu kupata rangi, si pamoja nacho, kwa sababu kitunguu saumu kina maji machache na kikipondwa huungua upesi. Baada yake huja nyanya na masala ya unga, na kitabu kitasema: koroga mpaka mafuta yajitenge. Msomaji asiyeelezwa sababu huona hilo ni pambo la lugha, hukoroga kidogo kisha humimina maji. Lakini maneno hayo ni kipimo kamili. Maji yakiwa bado yamo ndani ya rojo, mafuta hukaa yametawanyika humo kwa matone madogo sana yasiyoonekana. Maji yakipungua, matone hayo hukutana, huungana na kuchuruzika pembeni mwa sufuria. Kuonekana kwa mafuta ni ushahidi wa macho kwamba maji yamekwisha, joto limepanda, na nyanya imeacha ukali wake. Katika Kihindi kitendo hiki kizima, cha kukaanga rojo na kulikwangua chini ya sufuria hadi likazane, huitwa bhunna, na mpishi aliyekizoea hatazami saa kabisa.

Viungo vyenyewe vinatii mantiki hiyohiyo. Sehemu kubwa ya harufu za karafuu, bizari nyembamba na iliki huyeyuka vizuri kwenye mafuta na vibaya kwenye maji, na rangi ya manjano ni vivyo hivyo. Kiungo kilichotupwa kwenye mchuzi unaochemka hutoa sehemu ndogo ya alichonunua mpishi. Kilichopita kwenye mafuta ya moto husambaa sufuria nzima. Hata hivyo si vyote vinavyostahimili moto mmoja. Kijiti cha mdalasini na punje za bizari huingia mwanzo kabisa, kwenye mafuta matupu, kwa kuwa ganda lao huwapa nafasi ya kukaangika. Unga wa giligilani au wa pilipili ukitiwa hapo huungua kwa sekunde chache, ndiyo maana husubiri hadi kuwe na unyevu kidogo wa kitunguu au nyanya wa kuukinga. Garam masala huja mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa au kuzimwa, kwa sababu harufu zake nyepesi hupotea na mvuke. Msomaji akiyajua haya anaweza kufungua ukurasa wowote wa kitabu na kuona kwa nini kiungo fulani kimetajwa mara mbili, mara moja kikiwa kizima na mara nyingine kikiwa unga. Mwandishi hakukosea. Ni viungo viwili vyenye kazi mbili.

Kwa nini basi vitabu havisemi haya waziwazi? Nadhani jibu liko katika historia yao. Kitabu cha Kitamil cha S. Meenakshi Ammal, Samaithu Paar, kilichotoka mwaka 1951, kimekuwa zawadi ya mabibi harusi kwa vizazi, yaani msomaji wake ni binti aliyekulia karibu na jiko, aliyeona rangi na kusikia harufu kabla ya kusoma neno lolote. Madhur Jaffrey, mwigizaji mzaliwa wa Delhi, aliondoka kwao bila kujua kupika na alijifunza akiwa mwanafunzi London, kwa maelekezo ambayo mama yake alimtumia kwa barua. Barua fupi zilimtosha kuanzia kwa sababu ulimi wake uliujua mwisho wa safari. Kitabu chake cha kwanza, An Invitation to Indian Cooking, kilitoka Marekani mwaka 1973, na hapo msomaji ni mwingine kabisa: mtu asiye na mama wa Delhi wala kumbukumbu ya ladha. Kwa msomaji wa aina hiyo waandishi walilazimika kutoa vipimo, vijiko na dakika, na wengi wa waliofuata walitoa dakika bila dalili. Kipimo cha kijiko hakidhuru sana. Dakika hudhuru, kwa sababu hazijui upana wa sufuria yako, unene wake, wala kama unapikia gesi au mkaa. Sufuria pana huachia mvuke haraka, nyembamba na ndefu huufungia ndani. Jaffrey mwenyewe ni miongoni mwa waandishi wanaojitahidi kueleza rangi na mabadiliko, na kwa maoni yangu hicho ndicho kigezo cha kuchagulia kitabu dukani: soma mapishi mawili, uone kama mwandishi anakuambia utaona nini, utasikia nini, utanusa nini. Kama anakupa namba tu, kirudishe.

Wapo watakaosema hoja hii inasimama juu ya kitunguu, ilhali mamilioni ya Wahindi hawakitumii. Ni pingamizi la haki. Wajaini huepuka vitunguu na kitunguu saumu kwa sababu za dini, na Wapandit wa Kashmir wana mapishi ya nyama yasiyo na vyote viwili, yanayotegemea mtindi, shamari, tangawizi kavu na mvuje. Zaidi ya hayo, neno lenyewe "chakula cha Kihindi" ni la juzi. Mwanaanthropolojia Arjun Appadurai, katika makala yake ya mwaka 1988, alionyesha kwamba vitabu vya mapishi vya Kiingereza vilivyoandikwa na kusomwa na wanawake wa tabaka la kati mijini vilichangia kukijenga chakula cha taifa kutoka kwenye majiko ya mikoa iliyokuwa haijuani. Kitabu kimoja huweka mafuta ya haradali ya Bengali, nazi na majani ya kari ya Kerala, na samli ya Punjab ndani ya jalada moja, na msomaji hudhani ni mtindo mmoja. Lakini chukua mfano wowote kati ya hiyo uone kama kanuni ya maji inavunjika. Mtindi wa Kashmir hupigwa ukalainika, hutiwa kidogo kidogo usije ukakatika, kisha hupikwa hadi maji yake yaishe na mafuta yaonekane. Wagujarati, ambao mapishi yao ndiyo yaliyofika kwetu kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar, wana vaghar, na wengine huita tadka: mafuta ya moto, mbegu za haradali zinazopasuka kwa mvuke wa maji machache yaliyomo ndani yake, mvuje kidogo, kisha vyote vinamiminwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Hapo hatua kavu na hatua ya maji zimetenganishwa hata kwa chombo. Kitunguu hakimo, na kanuni imebaki wazi zaidi.

Pingamizi la pili ni la pakiti: kwa nini kujisumbua wakati masala yaliyokwisha kuchanganywa yanauzwa kila duka? Pakiti si haramu, na mpishi mwenye watoto wanaosubiri kula ana haki ya kuitumia. Ubaya wake ni kwamba imeunganisha viungo vinavyopaswa kuingia kwa zamu, na unga wa viungo hupoteza harufu upesi kuliko punje. Anayeitumia aitie baada ya kitunguu kupata rangi, pamoja na kijiko cha maji, aikaange hadi mafuta yatokee. Mchuzi wake utaushinda wa yule aliyenunua viungo kumi na viwili akavichemsha. Kuhusu muda, vitunguu vinaweza kukaangwa vingi siku moja na kugandishwa kwa mafungu. Presha kuka, ambayo imeenea sana katika majiko ya India, inasaidia upande mmoja tu. Ndani yake joto hufika nyuzi 120 hivi na nyama hulainika haraka, lakini kwa kuwa imefungwa, maji hayatoki. Kazi ya kukaanga lazima itangulie kabla ya kifuniko au ifuate baada yake. Na kwa wanaohofia mafuta, hofu yao ina msingi, maana vitabu vingi hufuata mkono wa mikahawa. Inawezekana kukaanga kwa mafuta machache, ukitia kijiko cha maji kila rojo linaposhika chini na kuyaacha yakauke tena. Itachukua muda zaidi. Njia nyingine ni kupika kama kitabu kisemavyo, kisha kuyaengua mafuta yaliyoelea.

Linabaki suala la mazao ya jamii ya kunde, ambako mfuatano una adhabu kali zaidi. Asidi ya nyanya au ukwaju huzuia maganda na nyama ya punje kulainika. Dengu zilizotiwa nyanya mapema zinaweza kuchemka saa nyingi na kubaki ngumu, na mpishi akadhani alinunua za zamani. Mahali nako kuna uzito wake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Muda wa kitabu kilichoandikiwa London au Mumbai, miji ya usawa wa chini, hautoshi kwa dengu au maharage mekundu yaliyo kwenye sufuria ya kawaida Nairobi, ingawa mpishi wa Dar es Salaam ataufuata bila shida. Hapa presha kuka inastahili sifa zake zote.

Anayetaka kuipima hoja hii kwa gharama ndogo achukue adesi nyekundu zilizokobolewa, azichemshe kwa manjano na chumvi hadi zivunjike, kisha azigawe sufuria mbili. Katika ya kwanza atie bizari nyembamba na pilipili kavu moja kwa moja kwenye majimaji, pamoja na kijiko cha samli, aache vichemke dakika kumi. Kwa ya pili apashe samli kiasi kilekile kwenye kikaango kidogo, atie bizari na pilipili zilezile, asubiri punje zigeuke rangi, amimine juu ya adesi na kufunika mara moja. Viungo ni vilevile, uzito ni uleule. Akishaonja zote mbili, afungue sasa ukurasa wa mchuzi wa kitunguu, na aufute muda uliochapwa hapo kwa penseli.