Ukoo kwa mama, karatasi kwa baba: namna ya kufuatilia mababu na kutunza makaburi ya mahame

Kila mwaka mashamba ya mikorosho yanapopaliliwa kabla ya kupuliza salfa, ujumbe wa aina mbili huingia kwenye simu ya kipindi. Wa kwanza hutoka kwa mtu aliyekuta makaburi katikati ya shamba alilonunua, na hajui ni ya nani. Wa pili hutoka kwa mtu aliyesikia shamba la wazee limeuzwa, na bibi yake amelala humo. Mara nyingi wote wawili wanazungumzia pori lilelile, ila hawajuani.

Makala haya yanaeleza kwa nini makaburi yetu mengi yako mbali na nyumba zetu, namna ya kuutafuta ukoo wako hatua kwa hatua, na la kufanya ili makaburi yasipotee.

Kwa nini makaburi yako porini?

Zamani watu wa Newala na Masasi hawakukaa katika vijiji vikubwa vya barabarani kama leo. Walikaa katika miji midogo ya ukoo, kila mji na mkulungwa wake, na waliwazika wafu wao karibu na hapo. Mwishoni mwa mwaka 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Watu wakahama. Nyumba za miti na udongo zikaanguka. Vilivyobaki ni mikorosho, miembe na makaburi. Hayo ndiyo mahame.

Na huko hakukuwa kuhama kwa kwanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee huwaita Magwangwara, walivamia Masasi. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na misheni ikahamia Newala kwa Mwenye Matola. Mwaka 1905 vikaja vita vya Maji Maji, na misheni ya Wabenediktini ya Lukuledi ikachomwa. Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilifika kwetu. Jeshi la Wajerumani lilirudi nyuma kupitia nchi hii hadi likavuka Ruvuma mwezi Novemba 1917, na wapagazi wengi walikufa njiani bila kaburi linalojulikana. Kuanzia 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivusha familia nyingi kuja upande wetu wa mto.

Kwa hiyo ukiona mababu wako hawapatikani kijijini ulipozaliwa, usishangae. Huenda kaburi la babu liko kwenye mahame, la baba yake babu liko bonde la Ruvuma, na la bibi yake liko Mueda.

Kwa nini karatasi hazitoshi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Wamakonde huuita ukoo huo litawa, Wamakua nihimo, Wayao lukosyo.

Lakini karatasi zote tulizonazo zinafuata baba. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya shule na kitambulisho cha taifa vinabeba jina lako, la baba na la babu mzaa baba. Jina la mama likiandikwa, litawa lake haliandikwi. Kizazi kimoja kikipita bila kuulizana, ukoo unabaki kichwani mwa bibi mmoja. Bibi akifa, umekwisha.

Majina nayo yana mambo yake. Mwanaume mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilopewa alipotoka jandoni, na jina la dini. Tena mjomba akifa, mpwa wake huweza kurithi jina. Ndiyo maana unasikia habari za mtu mmoja zinazochukua miaka 100. Ukichunguza, utakuta ni watu wawili au watatu waliopokezana jina lilelile.

Uanze wapi?

Kwanza, anza kwa mama. Muulize mama, mama mkubwa na bibi mzaa mama: sisi ni litawa gani? Mjomba mkubwa alikuwa nani? Dada zake walikuwa wangapi, na waliolewa wapi? Ukiwapata dada, umeupata ukoo, kwa sababu watoto wao ndio wanaouendeleza. Kisha nenda kwa upande wa baba na uulize vilevile.

Pili, kwa kila mtu uliza majina yote. Usiridhike na jina moja. Andika la utotoni, la jandoni au la unyagoni, na la dini.

Tatu, usimuulize mzee mwaka. Muulize lilikuwa linatokea nini. Alizaliwa kabla au baada ya uhuru? Alioa kabla ya watu kuhamia vijijini? Alipokufa mjomba, vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Kisha wewe ndiye ulinganishe: vita vya Maji Maji 1905 hadi 1907, vita kufika kwetu 1916 hadi 1917, uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini 1973 hadi 1976, vita vya Kagera 1978 hadi 1979.

Nne, tafuta karatasi za zamani ndani ya masanduku: kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kadi ya chama cha ushirika, cheti cha ubatizo. Kwa familia za Kikristo, vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya parokia huandika majina ya wazazi na wasimamizi. Nenda ofisini kwa adabu, ukiwa na jina la ubatizo na mwaka wa kukadiria. Kwa familia za Kiislamu, waulize masheikh na wazee wanaosoma hitima. Orodha ya marehemu wanaoombewa katika ukoo ni kumbukumbu kubwa, na mara nyingi inaanza na watu ambao hata wajukuu hawawajui.

Tano, rekodi sauti. Simu yoyote yenye kadi ya kumbukumbu inatosha. Omba ruhusa kwanza, kaa mahali pasipo upepo, taja tarehe na jina la mzee, kisha mwache aseme kwa lugha yake. Akisema Kimakonde au Kimakua, usimlazimishe Kiswahili. Tuma nakala kwa ndugu wawili walio mbali, maana simu huibiwa na huingia maji. Padre Yohanna Abdallah, Myao wa misheni ya UMCA, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, nayo ikachapwa Zomba mwaka 1919. Asingeiandika, mengi aliyoyaeleza yangezikwa na waliokuwa wakiyajua.

Jambo moja la tahadhari. Kwenye koo nyingi za Masasi na Newala yumo mtu aliyeletwa kama mtumwa au mateka, akapokelewa na ukoo mwingine. Mzee akinyamaza hapo, usimsukume. Akikuambia, usilitangaze jambo hilo msibani au baa. Litunze kama ulivyoaminiwa.

Makaburi yatunzwe vipi?

Nenda kwenye mahame pamoja na mzee anayepajua, angali na miguu ya kutembea. Nenda wakati wa kiangazi, majani yakiwa mafupi. Kwa kila kaburi piga picha, andika jina na litawa, na hifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Kama simu haina ramani, andika vitu visivyohama: mwembe mkubwa, kichuguu, njia ya zamani ya kwenda kisimani.

Safisha kwa jembe na panga, si kwa moto. Moto huunguza misalaba na vibao vya mti, tena huruka mpaka kwenye mikorosho ya jirani. Usikate mti mkubwa ulio juu au kando ya makaburi kabla ya kuuliza. Huenda ndio mti ambao wazee waliweka unga wa mtama na kuomba, na huenda ndiyo alama pekee iliyobaki. Vyuma huibwa na kuuzwa kama chakavu, kwa hiyo jina lichorwe kwenye saruji mbichi au jiwe. Kama dini yenu haipendi kujengea kaburi, panga mawe kuzunguka eneo lote na uandike majina daftarini.

Sheria inasemaje?

Kaburi peke yake halikupi shamba. Ni ushahidi mmojawapo kwamba ukoo wako ulikaa hapo, na Baraza la Ardhi la Kijiji linaweza kuusikiliza linaposuluhisha. Baraza hilo huwa na wajumbe 7, na kati yao 3 ni wanawake.

Unapouza shamba, andikeni kwenye hati ya mauziano kwamba eneo la makaburi halimo na kwamba ndugu wana njia ya kuingia. Wapimaji wa hati za hakimiliki ya kimila wakija, waonyesheni makaburi kabla hawajafunga mipaka. Ukinunua shamba ukakuta makaburi, usilime juu yake. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji ili ndugu watafutwe. Kudhalilisha makaburi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Ardhi ikitakiwa kwa barabara au kazi nyingine ya umma, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Fidia yake ni gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na ibada au matambiko yanayoambatana. Hakuna bei ya kaburi. Lakini ili ulipwe hata hizo gharama, lazima ujulikane kuwa ndugu, na kaburi lijulikane ni la nani.

Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki mwaka 2020, alirudishwa kuzikwa Lupaso, Masasi, kijijini alikozaliwa, na kaburi lake kila mtu analijua. Wazee wetu wa kwenye mahame nao wana wenyewe. Kabla palizi ya mwaka huu haijaisha, muulize mama yako maswali mawili: sisi ni litawa gani, na mama yake bibi amezikwa wapi? Akijibu, andika. Akisema hajui, mwulize nani anajua, na umfuate huyo wiki hii.