Kwa Mkapa: Tiketi Ipi Inakufaa, na Siku Nzima Itakugharimu Kiasi Gani?

Mashabiki wengi wakitaka kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa huuliza jambo moja tu: mzunguko bei gani? Ni swali la haki, lakini halitoshi. Bei iliyo kwenye tangazo la klabu ni sehemu tu ya fedha zitakazotoka mfukoni, na haikuambii utaona nini ukishakaa. Aliyelipa elfu tano anaweza kurudi nyumbani ameridhika kuliko aliyelipa elfu thelathini. Kinachoamua ni mechi yenyewe, upande uliokaa, saa uliyofika na watu ulioongozana nao.

Viwanja viwili jirani

Kilomita chache kutoka Kariakoo, upande wa Temeke, viko viwanja viwili vilivyopakana. Cha zamani ni Uwanja wa Uhuru, ambao kwa miaka mingi ndio ulioitwa Uwanja wa Taifa, na mashabiki wanauita Shamba la Bibi. Hapo ndipo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye mechi upande wa pili asikose kumwonyesha mahali hapo. Hakuna tiketi inayotoza somo hilo.

Uwanja mkubwa wa jirani, wenye viti 60,000, ulijengwa kwa msaada wa China na kuanza kutumika mwaka 2007. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki Julai 2020, Rais John Magufuli alitangaza kwamba uitwe kwa jina lake. Tangu hapo watu husema “kwa Mkapa”, na wengine “Lupaso”, jina la kijiji alikozaliwa. Brazil walicheza hapo na Taifa Stars Juni 2010 wakashinda 5-1. Oktoba 2023 Simba na Al Ahly walifungua African Football League kwa sare ya 2-2. Agosti 2025 ukawa uwanja wa ufunguzi wa CHAN, na Stars wakaifunga Burkina Faso 2-0.

Kila daraja linakununulia nini

Bei hupangwa upya kwa kila mechi, kwa hiyo tangazo la wiki ileile ndilo la kufuata. Lakini mpangilio wa madaraja haubadiliki sana: mzunguko ndio wa chini, unafuata Orange, kisha VIP C, VIP B na VIP A. Ili tulinganishe, tuchukue mfano wa mechi ambayo mzunguko ni shilingi 5,000, Orange 10,000 na VIP B 30,000.

Mzunguko unakununulia sauti. Huko ndiko kwenye ngoma, nyimbo na watu wasiokaa chini kwa dakika tisini. Tatizo lake ni umbali. Uwanja huu una njia ya riadha inayozunguka eneo la kuchezea, na njia hiyo inapokata kona nyuma ya magoli huwasogeza watazamaji mbali zaidi. Bao la goli la upande wa pili utalijua kwa kelele kabla hujamtambua mfungaji. Tena atakayewahi ndiye atakayechagua kiti. Ukiingia mapema tafuta safu za juu, maana ukiwa chini sana unaona miguu ya wachezaji lakini huoni nafasi zilizo kati yao.

Orange ya pembeni, inayotazama uwanja kwa urefu wake, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayependa mpira wenyewe. Ukikaa usawa wa katikati unaona beki anavyopanda, kiungo anavyoziba nafasi, na mstari wa kuotea. Ila uliza kabla ya kulipa, kwa sababu viti vya Orange viko pia kwenye kona, na huko faida inapungua. Nyongeza ya 5,000 kwa kiti cha pembeni ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyongeza nyingine yoyote kwenye orodha hii.

VIP ziko jukwaa kuu. Unalipia nafasi, utulivu, mlango wenye msongamano mdogo na ukaribu na benchi za ufundi. Kwa mzee, mjamzito au mtu mwenye maumivu ya miguu, hizo ni sababu za kutosha. Kwa kijana mwenye afya anayetaka kuuona mpira vizuri, VIP B haimpi mwonekano mzuri mara tatu kuliko Orange ya pembeni, ingawa bei katika mfano wetu ni mara tatu.

Hesabu ya siku nzima

Sasa tuongeze nauli na chakula. Tuseme shabiki anayeishi jijini anatumia 1,500 kwa daladala kwenda na kurudi, na 3,000 kwa maji, karanga na chipsi. Akikata mzunguko, siku yake ni 9,500. Akikata Orange, ni 14,500. Familia ya watu wanne kwenye mzunguko, kwa hesabu hiyohiyo, inafika 38,000. Aliyekata VIP B, akaenda na kurudi kwa bajaji ya kukodi kwa 20,000 na kula kwa 5,000, ametumia 55,000 peke yake.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza, ukiwa na familia, tiketi na nauli hupanda pamoja, hivyo chaguo la daraja lina uzito mkubwa. La pili, kwa anayetoka Mbeya au Mwanza mambo ni kinyume. Ameshalipa basi na nyumba ya wageni, na tofauti ya elfu tano ni kitu kidogo katika safari yake. Mtu huyo akibana kwenye kiti atakuwa amebana pasipobanika.

Wasafiri wa mbali wathibitishe pia uwanja. Mei 2025 mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ilichezwa Amaan, Zanzibar, si kwa Mkapa, na shabiki wa bara akalazimika kuongeza safari ya kuvuka bahari. Usilipie malazi yasiyorudishwa hadi klabu imetangaza uwanja na tarehe.

Tiketi huuzwa kwa mfumo wa N-Card, kadi ileile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni. Nunua kadi na uweke tiketi siku kadhaa kabla. Anayekuuzia tiketi nje ya geti anakuuzia mashaka, hata bei yake ikiwa nafuu. Jezi nayo iingie kwenye bajeti, kwa kuwa moja halisi huweza kuzidi bei ya tiketi kadhaa za mzunguko.

Chaguo nyingine

Kibanda umiza ni shilingi mia tano au elfu moja, na unapata marudio ya bao na sauti ya mtangazaji. Mwenye king'amuzi cha Azam nyumbani anapata ligi yote kwa malipo ya mwezi. Mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa mwaka 2021, wa miaka kumi na shilingi bilioni 225.6, ndio uliohakikisha kamera ziko kwenye mechi hizo. Kwa anayetaka kuchambua, runinga inashinda mzunguko. Haishindi kuwa mmoja wa makumi ya maelfu wanaosimama kwa pamoja.

Ipo pia Azam Complex, Chamazi, yenye uwezo wa takriban watu 10,000. Viti vyake viko karibu na mstari, na hata sauti za wachezaji unazisikia. Ila Chamazi ni mbali kwa wanaoishi Kinondoni au Ubungo, na nauli pamoja na muda vinaweza kula unafuu wote.

Usalama una bei yake

Machi 2021, wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walifariki katika msongamano. Haikuwa mechi, lakini somo lake ni la kila anayeingia uwanjani na umati. Siku ya dabi ya Kariakoo fika mapema, acha chupa nyumbani kwa sababu huzuiwa mlangoni, kubalianeni mahali pa kukutana iwapo mtapotezana, na usimbebe mtoto mdogo kwenye foleni ya dakika za mwisho. Kukaa vitini saa tatu kabla ya mpira kuanza kunachosha, lakini ni afadhali kuliko kusukumana getini.

Ushauri wangu

Anayekwenda kwa mara ya kwanza, na hasa mwenye watoto, asianze na dabi. Achague mechi ya ligi dhidi ya timu ya kawaida, aketi mzunguko kwa bei ndogo, apate nafasi ya kujinyoosha na kurudi nyumbani mapema. Mpenzi wa mpira aongeze fedha kidogo akae Orange ya pembeni. Anayetaka dabi bila adha, au anayemsindikiza mzee wake, VIP C inatosha. VIP A ni kwa mwenye fedha za ziada.

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na wageni watagombea viti pamoja nasi. Anayejifunza uwanja sasa, kwenye mechi za bei nafuu, atakuwa anajua wakati huo upande wa kukaa, geti la kupita na fedha za kuweka kando.