Ukoo wa Maneno Si Ukoo wa Sheria

Kiitalia ni mtoto wa Kilatini. Kipolandi ni cha ukoo wa Kislavi, na Kilatini kiliingia humo kupitia kanisa, mahakama na vyuo kama kile cha Kraków, kilichoanzishwa mwaka 1364. Mtu angetarajia neno la sheria ya Kirumi litunzwe vizuri zaidi kwa mtoto kuliko kwa mgeni, lakini historia ya delictum inakataa. Kwa Warumi, delictum lilikuwa hasa kosa la mtu dhidi ya mtu, kama wizi au kuharibiana mali, na aliyekosewa alishtaki mwenyewe ili alipwe. Mwanasheria wa Poland akisema delikt leo anamaanisha kosa la madai, la fidia, linalosimamiwa na kifungu cha 415 cha Kanuni ya Madai ya mwaka 1964. Nchini Italia, delitto ni jinai, tena ile nzito: Kanuni ya Adhabu ya 1889 iligawa jinai mafungu mawili, delitti na contravvenzioni, na ile ya 1930 ikaufuata mgawanyo huo. Dereva aliyegonga ukuta wa jirani kwa uzembe ana delikt mjini Warsaw. Mfasiri akiandika delitto, amemfanya mhalifu.

Utasema hilo ni neno moja, na kwamba testament na testamento, au apelacja na appello, yanaelewana vizuri. Ni kweli, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu mazoea hayo humfanya msomaji asihoji. Prokura ya Kipolandi ni mamlaka maalumu anayopewa mwakilishi wa mfanyabiashara aliyesajiliwa, kwa maandishi. Procura ya Kiitalia ni uwakilishi wa aina yoyote, na pia ni jina la ofisi ya waendesha mashtaka. Wengine hudai Umoja wa Ulaya umeshayasawazisha haya. Lakini mwaka 1982, katika kesi ya CILFIT iliyotoka Italia, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema dhana za sheria ya Jumuiya, mtangulizi wa Umoja huo, si lazima ziwe na maana ileile katika sheria za nchi wanachama, na kwamba nakala za lugha mbalimbali zilinganishwe. Tangu Poland ijiunge mwaka 2004, nakala ya Kipolandi ina nguvu sawa na ya Kiitalia katika ulinganisho huo.