Leso ya Ukumbusho: Ya Kuvaa au ya Kuweka Sandukuni?

Kila jambo kubwa likipita katika nchi zetu hizi, kabla halijaandikiwa kitabu huwa limekwisha kupigiwa leso. Nchi ikipata uhuru, leso. Rais akizuru, leso. Chama kikitimiza miaka yake, leso. Huko Tanzania chama tawala kimepigisha kanga nyingi za namna hiyo, hata mtu akifungua sanduku la bibi mmoja aweza kusoma historia ya nchi kwa kufuata mapindo.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa leso ni nini. Neno lenyewe tulilipata kwa Mreno, aliyekiita hivyo kitambaa chake cha mkono, na mabibi wa karne ya 19 ndio walioviunga vitambaa vile sita sita vikawa nguo ya kujitanda. Hapo Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo leso zake hujulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", husimuliwa kuwa ndiyo iliyoendeza sana desturi ya kutia maneno katika nguo. Tangu hapo leso ikawa na ulimi.

Lakini leso ninayotaka kuizungumza leo sikuiona Mombasa wala Lamu. Nimeiona Kisumu, kwenye pwani ya maji baridi, nayo ni leso ya Barack Obama. Katikati pana picha yake, na chini yake pana maneno mawili: moja HONGERA BARACK OBAMA, na jingine UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Ilipigwa mwaka 2008, na leo wako wanaoiuza si kama nguo bali kama hazina.

Nani asiyekumbuka siku zile? Tarehe 4 Novemba 2008 Marekani ilimchagua rais ambaye babake alitoka Kogelo, katika Siaya, safari fupi tu kutoka mji wa Kisumu. Rais Mwai Kibaki akatangaza tarehe 6 kuwa sikukuu nchi nzima. Watu wa ziwani walicheza barabarani. Na tusisahau kuwa mwaka huo huo ulikuwa umefunguliwa kwa damu. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 katika Kenya, na Kisumu maduka yalivunjwa na kuchomwa moto. Kwa hivyo mwanamke wa Kisumu aliyejifunga nguo yenye maneno "upendo na amani" mwishoni mwa mwaka ule hakuwa akisoma habari za Marekani peke yake. Alikuwa akijisomea na habari za mtaa wake.

Sasa nitaje kilichonifanya niandike. Ninaye binti wa ndugu yangu aliyeolewa Kisumu, mtaa wa Kaloleni. Yeye na wenzake wanane wana chama chao cha kuwekeana fedha. Juzi walijiwa na mtu mwenye doti kumi na mbili za leso hiyo, hazijakatwa wala kupindwa, akaitisha bei mara tatu ya doti ya kawaida. Aliwaambia kuwa zilipigwa chache, kwamba Wamarekani wazitafuta kwa tochi, na kwamba wakizificha miaka michache watauza kwa bei ya mbuzi. Binti akaniuliza, "Ami, tununue? Fedha yote ya chama itakwenda humo."

Ni swali la haki, wala si la wanawake wa Kaloleni pekee. Kila toleo la ukumbusho, liwe sarafu, saa, sahani au nguo, humwuliza mnunuzi swali hilo hilo: unanunua kitu, ama unanunua habari zake?

Tutazame wenzetu wa Marekani, kwa kuwa wao wamelijaribu jambo hili kwa silaha. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji wa bastola na bunduki wa huko hutoa matoleo ya ukumbusho. Silaha ni ile ile ya kila siku, ila imenakshiwa, imeandikwa miaka na jina la shujaa au jimbo, na mara nyingi huwekwa katika sanduku zuri. Kampuni ya Colt ilianza na bastola zake mwaka 1961. Winchester ilipotimiza miaka 100 katika mwaka 1966 ikatoa bunduki ya ukumbusho, nazo zikatengenezwa zaidi ya 100,000. Walionunua wakaziweka bila kuzifyatua, maana risasi moja tu hushusha bei. Wakangoja. Lakini kila mmoja alikuwa akingoja na mwenziwe anangoja, na siku ya kuuza wengi wao walikuta kila nyumba inayo kama ile.

Funzo lake ni hili. Kitu cha kale huwa adimu kwa sababu wenziwe walitumika wakaisha. Kitu kilichotengenezwa makusudi kiwekwe, hakiishi. Na kisichoisha hakiadimiki. Bastola ya askari iliyopita vitani ina thamani kwa kuwa nyingi za namna yake zilipotea. Bastola iliyozaliwa ndani ya sanduku ina nakshi tu.

Mtu ataniambia, leso si bastola, leso huvaliwa. Kweli. Nyingi za mwaka 2008 zimekwisha kuwa mbeleko, kisha matandiko ya watoto, kisha matambara ya kupangusia meza. Basi huenda doti nzima, isiyokatwa, si nyingi kama zamani. Nakubali. Lakini bunduki ile ilipigwa nambari, na kampuni iliandika zilikuwa ngapi. Leso haina nambari. Hakuna daftari analoweza kukuonyesha muuzaji kuwa zilipigwa mia au laki moja. Na zaidi ya hayo, mchoro wa leso ukipendwa hupigwa tena. Aliye na kiwanda na kielelezo aweza kesho kukujazia soko kwa nguo ile ile, Obama yule yule, maneno yale yale. Anayekuambia "zilipigwa chache" anakuuzia neno lisilo na shahidi.

Sisi tuliosoma vyuoni twaijua habari ya Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni kwa muuza nafaka. Juu ya fungu palikuwa pakavu. Alipoingiza mkono akakuta chini pamelowa. Akamkataza yule mtu kuficha kasoro, akamwambia aiweke iliyolowa juu watu waione. Basi mnunuzi wa leso naye na aingize mkono. Amwambie muuzaji aikunjue doti yote, asitosheke na pindo la juu. Aiinue kwenye mwanga wa jua na kutazama mistari ya mikunjo, kwani nguo iliyokaa miaka mingi katika mkunjo mmoja hukatika hapo kwanza. Atazame kama rangi imepenya upande wa pili, kama mji umekaa katikati, kama jina halikupinda. Achomoe uzi mmoja wa ukingoni autie moto: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, wa nailoni na jamaa zake huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Muuzaji anayekataa haya yote kwa kusema kuwa "itaharibika thamani" amekwisha kukujibu.

Pana na jambo jingine linalochoma moyo hapo Kisumu. Muuzaji husema, "Hii ni leso ya nyumbani, ya mtoto wa ziwa." Muulize imefumwa wapi. Pamba imelimwa kandokando ya ziwa hili tangu siku za Waingereza, na Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, kilichoanza katika miaka ya 1960. Wanaume na wanawake walilisha watoto wao kwa mishahara ya hapo. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, kiwanda kikafungwa. Leo ukizunguka soko la Kibuye siku ya Jumapili utaona milima ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani, na mnunuzi ni mjukuu wa mkulima wa pamba. Ikiwa twatafuta cha kukikumbuka Kisumu kwa upande wa nguo, mimi naona tungekikumbuka kiwanda kabla ya picha.

Kuhusu picha, wasomaji wengi wa pwani najua watauliza. Babu yake Obama, Mzee Hussein Onyango, alikuwa amesilimu. Bibi Sarah Onyango Obama, aliyekuwa mama wa kambo wa babake rais, alikuwa Mwislamu pia. Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akazikwa kesho yake Kogelo kwa taratibu za dini yetu. Ndiyo maana wako wanaoinunua leso hii kwa hisia ya ujamaa, ingawa Obama mwenyewe ni Mkristo. Hisia haina lawama. Lakini nguo yenye sura ya mtu si ya kusalia, wala si ya kutundika ukutani mbele ya mswala. Bibi Aisha, Mungu amridhie, alikuwa na pazia lenye picha. Mtume hakulipenda, likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Tazameni hekima yake. Nguo haikutupwa wala kuchomwa. Iliondolewa mahali pa kutukuzwa ikarudishwa mahali pa kutumika. Nami naona hukumu ya leso ya ukumbusho imo humo humo.

Kwangu mimi, mtu wa kupima mizani, thamani ya leso haiko katika uso uliochorwa. Iko katika jina. "Upendo na amani" ni mizani saba. "Ametujalia Mungu" ni minane. Kwa kipimo cha shairi pamepungua mizani moja, lakini masikio ya bibi hayajali, kwa sababu maana imetimia. Picha ya rais huchakaa. Obama mwenyewe alitoka madarakani Januari 2017, na vijana wengine wa leo walikuwa hawajazaliwa siku ile ya sikukuu. Maneno yale hayajachakaa. Kila uchaguzi ukikaribia, Kisumu huyahitaji upya.

Kwa hivyo nilimjibu binti yetu hivi, na wewe msomaji nakujibu hivyo hivyo. Ukitaka doti moja kwa sababu uliishi siku zile, ukacheza, ukaogopa, ukashukuru, inunue, na hata ukiongeza kidogo juu ya bei ya kawaida hukupunjwa. Ikate, ipinde, ijifunge siku za furaha, na umweleze mwanao ilikuwaje mji ulioungua Januari ukaimba Novemba. Ukumbusho huo hakuna atakayekupigia wa bandia. Lakini kumi na mbili kwa fedha ya watu tisa, kwa kutumaini Mmarekani asiyejulikana jina wala siku atakayokuja, hiyo si akiba. Fedha ya chama ni amana. Ndani yake mna karo ya mtoto wa mmoja na dawa ya mama wa mwingine.

Na kipimo cha kila toleo la ukumbusho ni chepesi. Lifute jina na picha kwa mawazo yako, kisha tazama kilichobaki. Kama kilichobaki ni nguo nzuri ya pamba ambayo ungeinunua hata isingekuwa na neno, basi neno ni nyongeza njema. Kama kilichobaki si kitu, usilipe mara tatu kwa ajili ya wino.