Je, Wajua? Nguvu ya Pigo la Softiboli Huanzia Miguuni

Softiboli ilizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1887. Kwa mtoto wa Gakindu, kaunti ya Nyeri, mchezo wa karibu nayo ni raunda ya shuleni. Tofauti kubwa iko mkononi: gongo la raunda halizidi sentimita 46 na hushikwa kwa mkono mmoja, ilhali la softiboli hufikia sentimita 86 na huhitaji mikono miwili. Ndiyo maana mtoto aliyezoea raunda huelekea kupiga kwa nguvu ya mkono pekee, mwili ukiwa umesimama tu.

Mafunzo hufuata mpangilio huu:

• Miguu hupanuliwa kupita mabega kidogo, magoti yakikunjwa.
• Mpigaji wa mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto chini, vifundo vya kati vya vidole vikiwa mstari mmoja. Gongo hushikwa kwa vidole, bila kukazwa.
• Mguu wa mbele hupiga hatua fupi kuelekea kwa mrushaji.
• Nyonga hugeuka kwanza, kisigino cha nyuma kikinyanyuka. Mabega hufuata, mikono mwisho.
• Macho hubaki kwenye mpira mpaka uguswe, kisha gongo huachwa lizunguke hadi begani.

Mpira uliorushwa kwa kilomita 100 kwa saa huvuka mita 13 kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji kwa takriban nusu sekunde. Kwa hiyo anayeanza hupiga kwanza mpira uliotulia juu ya kigingi kinachofika kiunoni, hadi mwili uzoee mpangilio huo.